Binti yangu ameanza kuuliza hizi dawa ni za nini, nimwambieje?

MamaWawili_Mtwara:

Habari zenu wapendwa, naombeni mnisome mpaka mwisho maana hapa nilipo sina mtu mwingine wa kumuuliza. Nina watoto wawili, nakaa Mtwara mjini, jioni nauza samaki wa kukaanga na ming'oko. Niligundulika nina VVU 2016 kliniki ya wajawazito nikiwa na mimba ya huyu mdogo, mkubwa alikuwa na miaka mitatu. Siku hiyohiyo nikaanzishiwa dawa, mtoto alipozaliwa akapewa zile za matone wiki sita, akapimwa, akapimwa tena, mpaka nilipomwachisha ziwa akapimwa mara ya mwisho, mzima. Mkubwa naye nilimpeleka, mzima. Kwa hiyo nyumba nzima ni mimi peke yangu. Baba yao tuliachana, yupo Dar na maisha yake.

Dawa nakunywa saa tatu usiku, sijawahi kuacha, na kipimo cha wingi wa virusi kila mwaka naambiwa havionekani. Afya haina shida. Shida ni binti yangu mkubwa.

Ana miaka 12, darasa la sita. Tangu mdogo nimemwambia mama ana presha. Kopo nalificha kwenye begi la kanga juu ya kabati, ile karatasi nimeibandua, na ndani nimejaza pamba ili vidonge visilie nikilibeba. Sasa mwezi uliopita bibi jirani yetu ambaye presha anayo kweli kaja kukaa kibarazani anasema kesho naenda kupimwa, binti kanigeukia, "mama, mbona wewe hujawahi kwenda kupimwa presha?" Nikasema nitaenda. Akaniangalia tu hakusema kitu. Mpaka leo yale macho nayaona.

Wiki ile wakafundishwa mambo ya UKIMWI shuleni, akarudi ananiuliza hivi mtu mwenye ukimwi anakunywa dawa mpaka lini. Nikamjibu mimi sijui kamuulize mwalimu wako. Hilo jibu limeninyima usingizi.

Na kuna jingine. Mama na kaka yangu wanataka aingizwe unyagoni likizo ya mwezi wa 12 hela za korosho zikishatoka. Mdogo wangu wa kike anajua hali yangu, mwaka jana tulipogombana alinirushia neno mbele za watu, wakubwa wakaelewa. Sasa kule ngomani wanawake wakianza kuimba hakuna kinachofichwa, naogopa mwanangu asije akalisikia kwenye wimbo kabla hajalisikia kwangu.

Lakini pia naogopa nikimwambia atajua nakufa, au atamwambia rafiki yake, rafiki amwambie mama yake, na mimi nauza chakula jamani, nani tena atakula mkononi kwangu? Wenye uzoefu mliwaambiaje watoto? Kwa maneno gani? Au nimwache kwanza akue?


BiMkubwa_Mikindani:

Pole sana mwanangu. Mimi ni mtu mzima nakupa la utu uzima. Miaka 12 bado mtoto, mzigo huo haubebi. Mwache asome, amalize fom foo, akipata akili za kikubwa utakaa naye. Kuna mambo mzazi anakaa nayo mwenyewe miaka na miaka na watoto wanakula, wanavaa, wanaolewa, hakuna kilichoharibika. Ukiulizwa sema presha. Kopo libadilishie mahali.


Kijana_wa_Newala:

Bi mkubwa shikamoo. Naomba nipingane na wewe kwa heshima zote maana mimi ndiye yule mtoto.

Nilikuwa na miaka 14, natafuta hela ya daftari chini ya godoro la mama nikakuta kadi. Kadi haijaandikwa ugonjwa, ina namba na tarehe tu na herufi CTC, kumbe ndiyo kliniki ya dawa za VVU lakini mimi sikujua, nikaenda kumuuliza kijana mmoja mkubwa pale mtaani CTC ndiyo nini, akacheka. Sitasahau kile kicheko. Nyumbani nilikuwa nimeambiwa mama ana vidonda vya tumbo.

Kuanzia siku ile sikusema kitu na yeye hakusema kitu, tukaishi hivyo miaka minne, watu wawili nyumba moja siri ni ileile kila mmoja anamficha mwenzake. Usiku namsikiliza anavyokohoa. Akichelewa kurudi shamba moyo unanienda mbio, nakwenda mpaka njia panda kumtazamia kumbe ameketi tu kwa mtu anabangua korosho wanaongea. Akisafiri nachungulia kama kabeba dawa, zikibaki nyumbani siku hiyo sili. Darasani mwili upo akili haipo, fom foo nikatoka na divisheni foo, na mwalimu aliyekuwa ananitegemea alidhani nimeanza kuvuta bangi.

Na ambalo wazazi wengi hamlifikirii ni hili, muda wote huo sikuwa najua kama na mimi ninao. Nani wa kumuuliza? Enzi hizo chini ya miaka 18 ulikuwa hupimwi mpaka uende na mzazi, sheria imekuja kubadilishwa 2019 ndiyo ikawa miaka 15. Kwa hiyo nilisubiri nifikishe 18 nikapanda basi mpaka Masasi kupimwa mahali ambapo hakuna anayenijua. Nikaambiwa mzima. Njia nzima kurudi nalia kwenye basi, abiria wanadhani nimefiwa.

Nilipofika nikamkuta anachekecha unga, nikamwambia mama nimetoka kupima, mimi mzima, na wewe najua. Akaendelea kuchekecha kama hajasikia, unga ukaisha kwenye chekecheke bado anatikisa tu.

Dada yangu, hasira niliyokuwa nayo haikuwa ya ugonjwa. Nilikuja kujua shoga yake wa jirani alikuwa anajua miaka yote. Mama mwenye nyumba wa zamani alikuwa anajua. Mimi niliyekuwa namchotea maji ya kunywea hivyo vidonge ndiye sikuambiwa. Ilinichukua muda mrefu kuja kuona kwamba alikuwa ananiogopa mimi kuliko alivyowaogopa wao, kwa sababu wao wakimkimbia anahama, mimi nikimkimbia anabaki na nani.

Leo mama yupo, ana nguvu, analima. Kopo lipo mezani pembeni ya chumvi. Mimi nipo Dar, kila siku saa tatu kasoro nambipu, anajua maana yake.

Binti yako ameshakuuliza mara mbili. Mtoto akiuliza vile, kuna kitu anakijua tayari na anatafuta tu kama wewe utamwambia.


Mama_Nachingwea:

Kijana umeniliza.

Mimi niliwaambia wangu, nawe MamaWawili nisikudanganye ukadhani ni kitu cha kusema tu basi. Wa kwanza alikuwa na miaka 9. Nilimwambia siku mbaya, nilikuwa nimetoka kugombana na baba yake, nina hasira, nikamwambia mambo yote kwa mkupuo mpaka ya nani alimleta ugonjwa ndani. Mtoto hakubeba la ugonjwa, alibeba la baba yake. Mpaka leo wanaongea kwa shida hao wawili na najua ni mdomo wangu. Kwa hiyo usimwambie habari ya nani alikupa. Akiuliza mwambie hilo ni la wakubwa au mwambie hujui, maana wengi wetu ukweli ni kwamba hatujui.

La pili, nikamwambia "usimwambie mtu yeyote". Mtoto wa miaka 9 na hilo neno yeyote! Akakaa nalo wiki mbili, likamzidi, akamwambia mtoto wa mpangaji mwenzetu. Ikafika kwa mwenye nyumba, kikombe changu kikatengwa, bafu likawa na zamu, baada ya muda nikaambiwa chumba kinahitajika. Nilihama. Nilimpiga yule mtoto, Mungu anisamehe, nilimpiga kwa kosa langu.

Wa pili nikafanya tofauti. Nikamwambia hili ni jambo la nyumbani kwetu, ukitaka kuliongea ongea na mimi, au dada yako, au mama mkubwa. Nikamtajia watu watatu kwa majina. Hakutoa nje hata siku moja. Mtoto anahitaji pa kulisemea, ukimfungia kote atapasulia kwa jirani.


NesiKusini:

Asanteni kwa mlioeleza ya kwenu. Mimi nafanya kazi CTC huku kwetu kusini, kituo sikitaji, na hili swali naletewa na kina mama karibu kila wiki, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Umri kwanza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 lilitoa mwongozo unaosema mtoto wa umri wa shule, yaani 6 mpaka 12, aambiwe hali ya mzazi wake, na aliye chini ya hapo aambiwe kidogokidogo kadiri anavyokua. Kwa hiyo bi mkubwa, miaka 12 siyo mapema, tayari tupo mwishoni mwa huo umri. Afrika Kusini kule KwaZulu-Natal walikuwa na mpango wa kuwasaidia kina mama kama wewe kabisa, mama anao na mtoto wa miaka 6 mpaka 10 hana, washauri wa kawaida wanamfuata mama nyumbani mara kadhaa wanamwandaa, halafu mama mwenyewe ndiye anayeongea na mwanae. Waliuita Amagugu, Kizulu hicho, maana yake vitu vya thamani. Walipoulinganisha na ule ushauri wa mara moja wa kliniki, waliotembelewa ndio waliofanikiwa kusema kwa wingi zaidi. Nilichokipenda kule ni kwamba hawakumlazimisha mama kutaja jina la ugonjwa siku ya kwanza. Wengine walianza na neno kirusi tu, "mama ana kirusi kwenye damu, dawa hizi zinakilaza", na VVU wakaitaja baadaye. Kwa mtoto wako mdogo hiyo inatosha kabisa. Kwa wa miaka 12 ambaye ameshasoma darasani, taja jina. Ukimzungusha atajua bado unaficha.

Atakuuliza utakufa? Wengi wanauliza hilo kwanza. Usijibu "sote tutakufa", hilo linamtisha zaidi. Mwambie nimekunywa dawa miaka tisa, virusi vimelala mpaka kipimo hakivioni, na nikiendelea hivi nitakuona unamaliza shule. Mweleze pia VVU na UKIMWI ni vitu viwili, VVU ni kirusi chenyewe, UKIMWI ni pale mwili umeshashindwa kujikinga, na wewe hujafika huko kwa sababu ya hivyo vidonge.

Halafu atataka kujua kama na yeye anao. Hata asipouliza mjibu, kwa sababu ya alichoandika kijana wa Newala hapo juu. Mwambie ulipimwa, huna. Akitaka kuhakikisha mlete tumpime tena, usimkatalie, moyo wake utulie. Na mdogo wake hivyohivyo. Sahani, kikombe, kulala kitanda kimoja, kukumbatiana, hakuna kinachoambukiza hapo, na samaki wako wanaolika mjini hawana kosa lolote.

Kuhusu watu wa nje, ipo sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya 2008, inakataza kumbagua na kumnyanyapaa mtu kwa hali yake na inambana mtumishi wa afya asitoe siri yako. Najua sheria haimrudishi mteja aliyekimbia, lakini ujue upo upande wa haki.

Ukiona umekwama njoo na binti kliniki au omba mama kinara wa kituo chako akae nanyi. Hawa ni kina mama wenye hali kama yako, wameshapita hapo. Baada ya kumwambia mwangalie mwezi mmoja hivi, kama anaacha kula, anajitenga au anakataa shule, mrudishe tuongee naye. Akinyamaza siku mbili tatu usiogope.


Mmwera_wa_Mtama:

Mbona hakuna aliyemtaja mjomba? Huku kwetu mtoto ni wa mjomba. Jambo zito kama hili mwite kaka yako amkalishe mtoto amwambie, na yeye ndiye mwenye neno kuhusu huo unyago, akisema usogezwe unasogezwa. Mama ukilia mbele ya mtoto unamvunja moyo.


Mama_Nachingwea:

Mjomba asiwe wa kusema. Mjomba awe wa kujua. Nimeishi na haya mambo, mtoto akiambiwa na mtu mwingine hata awe mjomba anajiuliza kwa nini mama ameshindwa kunitazama. Na kulia siyo kosa. Ila hapo pa kusogeza unyago upo sahihi, kaka aambiwe, na yule mdogo wake mwenye mdomo aitwe na kaka aonywe.


MamaWawili_Mtwara:

Nimewasoma wote, nimewasoma tena usiku. Nesi asante sana, kijana wa Newala Mungu akutunzie mama yako. Nimeanza na kaka. Nimemwambia jana, yeye alikuwa hajui, alikaa kimya akachora chini na kijiti kisha akasema ngoma itasubiri mwakani na dada yako niachie mimi. Kwa mtoto bado sijapata ujasiri. Niombeeni.


MamaWawili_Mtwara (baada ya siku nane):

Wapendwa nimerudi.

Nimemwambia Jumapili. Sikupanga niseme saa ngapi, tulikuwa uani tunaparua samaki wa jioni, mdogo ameenda kucheza mpira. Mikono ikiwa na kazi naona mdomo unakuwa mwepesi. Nikamwambia, unakumbuka uliniuliza mtu anakunywa dawa mpaka lini, nikasema sijui? Nilikuwa najua. Anakunywa maisha yake yote. Na mimi ndizo ninazokunywa, sina presha, nina VVU, tangu nina mimba ya mdogo wako. Wewe huna, ulipimwa. Yeye hana, alipimwa. Mimi sifi, dawa zinafanya kazi. Nikasema yote hayo bila kupumua nikanyamaza.

Yeye kisu kinaendelea. Samaki wa kwanza, wa pili. Halafu akasema, "kwa hiyo mama mdogo lile neno alikuwa anasema kweli."

Jamani mwaka mzima! Alilisikia siku ileile, na mimi nilidhani alikuwa ndani amelala. Ndiyo maana alikuwa hataki tena kwenda kulala kwa mama yake mdogo mimi nikawa namgombeza kwamba ana kiburi. Nikaacha samaki, nikalia, na yeye akalia, tukashikana na mikono yetu yote magamba.

Jumatatu hakuongea na mimi. Jumanne hivyohivyo, anajibu ndiyo na hapana. Nikakumbuka nesi alivyosema nikavumilia. Jumatano saa tatu usiku nimeshusha begi natoa kopo, akasimama mlangoni akauliza hiyo pamba ya nini. Nikamwambia ni ili visilie. Akaja akalichukua mkononi, akaitoa pamba yote akaitupa jikoni kwenye moto, akalitikisa kopo mara moja, akanirudishia akaenda kulala.

Amechagua watu wake wa kuongea nao ni mimi na mjomba wake. Kuhusu bibi yake, binti kasema bado. Nimeheshimu.

Nesi, kwa mdogo wa miaka 8 nianze na hilo la kirusi kimelala? Dada yake anasema tumwambie wote wawili likizo, yeye awepo.


NesiKusini:

Nimefurahi sana mama. Ndiyo, anza na hilo, na dada yake awepo. Akiuliza kirusi kinaitwaje mwambie jina palepale, asipouliza msubiri.


BiMkubwa_Mikindani:

MamaWawili, nimekusoma nimekaa na simu mkononi muda mrefu. Nilikwambia usubiri, na sababu niliyokupa haikuwa sababu yangu.

Nipo kwenye dawa tangu 2007. Enzi za kupanga foleni toka alfajiri unajifunika ushungi usionekane. Nina watoto wanne, nimewasomesha, wa mwisho ana miaka 27 na ana mtoto wake. Hajui hata mmoja. Sikukuu wanakuja wote nyumbani, na kila wakija dawa nazipeleka kwa jirani nakwenda kuzinywea huko.

Nesi, mtoto akishakuwa mtu mzima hivyo, na umemficha miaka yote hiyo, unaanzia wapi?